Mwanafunzi wa Mwanafunzi

Mpishi wa nyumba ya mkandarasi alikuwa na sheria moja, na hakuna aliyewahi kumtoa kwenye sheria hiyo: haweki sahihi kwenye jambo asilolielewa. Mtu wa gesi akifika na mtungi begani na karatasi mkononi, ilimbidi asubiri mpaka mpishi aisome yote, kisha aigeuze aone kama nyuma kuna jingine. Muuza maziwa alishazoea. Akifika alikuwa anavuta kiti kabisa. Hata kadi ya siku ya kuzaliwa ya mama mwenye nyumba, iliyozungushwa kwa wafanyakazi wote, aliishika muda mrefu kisha akauliza, “Hapa tunampongeza kwa lipi hasa? Kwa kuzaliwa, au kwa kufika umri huu?” Watu walimwona msumbufu. Msumbufu kweli alikuwa, lakini alikuwa na sababu, na ukiisikia utampa haki yake.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, aliongoza darasa lake kwa hesabu. Baba yake alikuwa fundi mwashi aliyepima kuta kwa kamba yenye mafundo, na yeye ndiye aliyeishika ncha ya pili ya kamba hiyo tangu akiwa na miaka sita, kwa hiyo namba hazikuwa wageni kwake. Mwaka huo baba akafariki. Shule ilikuwa na nafasi moja ya ufadhili, na kila mtu alijua ni ya nani. Mwalimu mkuu akamwita ofisini, akampa pole, akampa soda, akampa karatasi. “Weka sahihi hapa, binti yangu, tushughulikie mambo yako.” Akaweka. Wiki mbili baadaye akaambiwa kwamba ameacha shule kwa hiari yake kutokana na majukumu ya kifamilia, na sahihi yake hii hapa. Ufadhili ulikwenda kwa kijana ambaye mjomba wake alijua kuzunguka mbuyu. Soda yenyewe ilikuwa ya moto.

Miaka ishirini na mitano ilipita. Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja, mikono yenye nguvu, sauti ya kusikika uani bila kunyanyuliwa, na miaka tisa katika jiko la mkandarasi. Wote walimwita Dada. Mkandarasi alimwita Dada, mkewe alimwita Dada, mlinzi wa getini ambaye alimzidi umri kwa miaka kumi naye alimwita Dada.

Nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi na sita aliyeitwa Kipusa. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo siku alipozaliwa, na mwenyewe alilichukulia kwa uzito mno. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kupindukia, na katika hesabu alipata thelathini na nane kwa mia. Baba yake alipoiona ripoti alisema, “Tafuteni mwalimu wa tuisheni. Yule bora kuliko wote. Bei msiniulize.”

Akaletwa Mwalimu Koti. Alikuwa mstaafu, mwembamba, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likichoma namna gani. Alikuja mara mbili kwa wiki saa tisa alasiri, akakaa kwenye meza ya chakula na Kipusa kwa saa moja na nusu, akanywa chai bila sukari na kuondoka. Siku ya kwanza alitoa mfukoni daftari jekundu.

“Nikimaliza kukufundisha wewe, kazi haijaisha,” alimwambia Kipusa. “Kabla sijarudi, nawe utamfundisha mtu mmoja. Mtu huyo atakuuliza swali, utaliandika hapa, na yeye mwenyewe ataweka sahihi kwamba ameelewa. Bila sahihi, hukai nami mezani. Nitakunywa chai nirudi kwangu.”

“Mtu gani?” Kipusa aliuliza.

“Yeyote mwenye masikio.”

Kipusa akaanza kutafuta masikio. Baba yake alikuwa nayo, lakini jioni yalikuwa yamelala mbele ya taarifa ya habari. Mama yake alisema, “Nitumie kwenye simu mwanangu, nitasoma nikipata nafasi,” na nafasi hiyo mpaka leo inatafutwa. Mlinzi alikubali haraka mno. Aliweka sahihi kabla hajafundishwa, akaandika swali lake: Je, somo limeisha? Mwalimu Koti aliusoma ukurasa huo, akauchana, akanywa chai na kurudi kwake.

Ndipo Kipusa akaingia jikoni na daftari, usoni amevaa tabasamu la mtu anayetaka kitu.

“Dada, nisaidie. Weka sahihi hapa.”

Mpishi alikuwa anakata vitunguu. Alifuta mikono, akalivuta daftari. “Hapa pameandikwa nimeelewa milinganyo. Nimeielewa saa ngapi?”

“Ni sahihi tu, Dada.”

“Kama ni tu, weka wewe.”

“Lakini utaelewaje? Mimi mwenyewe sijaelewa!”

“Sasa wewe hujaelewa, mimi sijaelewa, halafu nitie sahihi kwamba tumeelewa. Huo ni uongo wa watu wawili. Vuta kiti.”

Kipusa akavuta kiti. Alianza kueleza, akakwama mstari wa pili, akaanza upya, akakwama pale pale. Mpishi alimkazia macho bila huruma na kila alipokwama alimwuliza, “Kwa nini?” Baada ya nusu saa msichana alikuwa karibu kulia. Siku ya somo lililofuata alimwuliza Mwalimu Koti maswali saba mfululizo, jambo lililomfanya mzee yule aweke kikombe chini. Kipusa alijua kwamba jikoni kuna mtu anayemsubiri.

Hivyo ndivyo tuisheni ya nyumba ile ilivyopata ghorofa ya pili. Kipusa alifundishwa mezani, kisha mpishi akafundishwa jikoni, kwenye meza ya kukandia, na unga uliotandazwa ndio uliokuwa ubao. Walichora pembetatu kwenye unga, wakazifuta kwa kiganja, wakachora nyingine. Na kadiri wiki zilivyopita, mpishi aliona jambo ambalo lilimfurahisha mpaka akajionea aibu kidogo: alikuwa anamtangulia mwalimu wake. Kipusa akianza kueleza, yeye alishafika mwisho na kumsubiri hapo. Namba zilikuwa zimemkumbuka. Baada ya miaka yote ile ya kuhesabu mayai na dakika, zilirudi zote.

Maswali yake yakajaza daftari. Sufuria hili upana wake ni mara mbili ya lile na kimo ni kimoja. Mbona linalisha watu mara nne, si mara mbili? Kama hatujui x ni ngapi, tumejuaje kwamba ipo? Nikikataa mara moja ni hapana, nikiikataa hiyo hapana ni ndiyo. Basi ndiyo maana hasi mara hasi ni chanya, au umenidanganya? Chini ya kila swali aliweka sahihi, majina yake matatu kwa ukamilifu, herufi zimesimama wima kama alivyofundishwa shuleni.

Siku moja, baada ya miezi minane, Mwalimu Koti alimaliza chai yake na badala ya kwenda mlangoni akaelekea jikoni. Alisimama kizingitini na daftari jekundu mkononi.

“Anayeuliza haya ni nani?”

“Ni mimi, Mwalimu. Kuna tatizo?”

“Tatizo lipo. Hili swali lako la sufuria niliwahi kuwauliza walimu wenzangu kwenye semina. Wawili tu walijibu.” Alilifunga daftari. “Umeishia darasa la ngapi?”

“Kidato cha pili, Mwalimu. Sikuishia, niliishiwa.”

“Mtihani wa kidato cha nne unapokea watahiniwa wa kujitegemea. Usajili unafungwa mwezi ujao. Masomo mengine utasoma vitabu vya huyu mtoto. Vipya vile, havijaguswa.”

Mpishi alicheka. Kisha akaacha kucheka, maana mzee alikuwa hacheki.

Usiku ule alimweleza mama yake, ambaye waliishi pamoja kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mama yake alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ulimi wake ulikuwa haujazeeka hata siku moja. “Soma,” alisema. “Mume umemkataa, labda utaolewa na kitabu. Angalau hakikoromi.” Lakini asubuhi mpishi alikuta taa ya chumbani imehamishwa, imewekwa juu ya meza ndogo, na kiti kimesogezwa karibu yake.

Alijisajili kwenye kituo cha elimu ya watu wazima. Fomu aliisoma mara tatu kabla ya kuitia sahihi.

Sasa sikia jinsi wenye nacho wanavyojifunga wenyewe. Mwaka ule mkandarasi aliamua kuanzisha ufadhili. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe, wala hakuwa na mkono wa birika. Alianza maisha kwa kubeba matofali, na akiona mtu anahangaika alitoa bila kuulizwa. Lakini alipenda kuonekana akitoa. Ufadhili ungelipia miaka mitatu ya Chuo cha Ujenzi, fani ya ukadiriaji majenzi, yaani kupima majengo na kukadiria gharama zake, na ungetolewa kwa atakayeongoza mtihani wa hesabu wilaya nzima. Moyoni alishajua wa kuongoza ni nani. Kipusa alikuwa ametoka thelathini na nane akafika hamsini, akafika sitini na tano, na baba yake aliamini kwamba mtoto akipanda namna hiyo hasimami. Alishapigilia hata msumari ukutani, juu ya kabati la vyombo, mahali itakapotundikwa picha ya yeye akimkabidhi mwanawe barua. Mpishi aliufuta vumbi msumari huo kila Jumamosi.

Tangazo waliliandika mezani, mume na mke, mpishi akitoa vyombo. Mke alisema liandikwe “kijana yeyote wa kidato cha nne.” Mume akasema hapana, kijana ni neno la mtaani. “Weka mtahiniwa. Mtahiniwa yeyote wa mwaka huu. Lina uzito.” Likachapwa kwa rangi, na picha yake upande wa kulia, likabandikwa kila mahali, pamoja na ukuta wa kituo cha elimu ya watu wazima.

Mpishi alilisoma akiwa amesimama na mfuko wa nyanya. Aliutafuta umri, hakuuona. Akatafuta jina la shule, halikuwepo. Akageuza pembe ya karatasi aone kama nyuma kuna jingine. Alikuwa na hasira ya miaka ishirini na mitano iliyokuwa imekaa kimya kama jiwe, na sasa ilimwambia jambo moja kwa sauti ya kawaida kabisa: hii ni yako, nenda kaichukue.

Mtihani ulipokaribia aliomba likizo, ya kwanza ndefu katika miaka tisa. Mama mwenye nyumba alidhani ana mgonjwa. “Mpe pole,” alisema. Mpishi akajibu kwamba hakuna mgonjwa, ana shughuli zake, na mama hakuuliza ni zipi. Kipusa ndiye aliyejua. Asubuhi ya mtihani wa hesabu alimtumia ujumbe: Dada, ukifika kwenye duara, kumbuka sufuria. Naye akamjibu: Wewe kumbuka kusoma swali lote, usisome nusu kama kawaida yako.

Matokeo yalipotoka, Kipusa alipata sabini na nne. Nyumba ikaimba. Mkandarasi alimnyanyua mwanawe juu kana kwamba bado ana miaka mitano, na Jumamosi iliyofuata akaalika kamati ya ufadhili nyumbani kwake saa kumi alasiri: Mkuu wa Chuo cha Ujenzi, mwanamke mwenye nywele fupi na macho yasiyopepesa, na Afisa Elimu wa wilaya, aliyefika na mkoba umejaa fomu za waombaji. Mpiga picha aliambiwa awe tayari saa kumi na moja.

Mpishi aliandaa chai, keki na karanga. Alivaa gauni lake la bluu chini ya aproni.

“Sitawachosha,” mkandarasi alisema, akisugua viganja. “Aliyeongoza ni nani?”

Afisa Elimu akafungua jalada. “Kuna mtu ana tisini na moja. Mtahiniwa wa kujitegemea.” Akasoma namba ya mtihani, kisha majina matatu.

“Simjui huyo,” mkandarasi alisema. Tabasamu lilikuwa bado halijashuka. “Wa wapi?”

“Fomu inasema… umri, arobaini na moja. Kazi, mpishi wa nyumbani.”

“Mpishi!” Mkandarasi akacheka kwa sauti. “Jamani, nchi hii ina vituko. Mpishi wa nani huyo?”

“Wako, Bosi,” mpishi alisema, akimmiminia chai. “Ni mimi.”

Hakumwaga hata tone. Alijaza kikombe mpaka kwenye mstari wa dhahabu, akaweka birika, akasimama wima. Macho yalimtoka mkandarasi pima. Mama mwenye nyumba alishika keki nusu njia kwenda mdomoni, ikabaki hapo hapo.

“Wewe Dada? Hesabu umesomea wapi?”

“Jikoni. Alinifundisha Kipusa.”

Mkandarasi alimgeukia mwanawe, akamrudia mpishi, na uso ukaanza kumbadilika rangi. “Kwa hiyo tuisheni niliyolipia mimi, ndiyo uliyosomea wewe. Humu humu ndani. Umechukua kitu cha mtoto wangu!”

“Nilichochukua, Bosi, kilipungua wapi?” mpishi aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, maana swali hilo alikuwa ameshajiuliza mwenyewe mara nyingi na jibu alikuwa nalo. “Sukari nikiichukua inapungua. Hesabu nimeichukua mwaka mzima, na Kipusa ametoka thelathini na nane kwenda sabini na nne.”

“Baba,” Kipusa alisema, akasimama. “Bila Dada, mimi ningekuwa bado na zile thelathini na nane zangu. Yeye ndiye aliyekuwa ananikaba. Subirini.” Alikimbia chumbani na kurudi na daftari jekundu, akaliweka mbele ya Mkuu wa Chuo. “Masomo mia moja na kumi na mawili. Sahihi zote ni zake.”

Afisa Elimu alikohoa. Alisema kwamba pengine ni vizuri kuhakikisha, maana siku hizi kuna watu wanafanyiwa mitihani. Mkuu wa Chuo alikuwa ameshaanza kusoma. Alisoma ukurasa, akafunua, akasoma. Ghafla akacheka peke yake, akasoma kwa sauti, “Kama hatujui x ni ngapi, tumejuaje kwamba ipo?” Akafunua tena. “Nani alikuwa wa kwanza kukubali kwamba sifuri nayo ni namba, na wenzake walimwambiaje?” Akalifunga daftari na kuweka kiganja juu yake. “Majibu mtu anaweza kuyaiba. Maswali ya namna hii hayaibiki. Mimi nimemaliza.”

Mkandarasi akainuka. “Naomba dakika tano. Dada, njoo tuzungumze.”

Akaingia jikoni mwake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akapapasa ukuta akitafuta swichi ya taa mahali isipokuwepo. Mpishi akaiwasha. Walisimama pande mbili za meza ya kukandia.

“Mimi si mtu mbaya,” mkandarasi alisema kwa sauti ya chini.

“Najua, Bosi.”

“Watu wameshaalikwa. Mpiga picha anakuja. Mtoto wangu atajisikiaje? Mshahara nakuongezea. Mama yako nitamtunza. Tunamalizana wenyewe, kimya kimya.” Akachomoa kijitabu mfukoni, akaandika haraka, akachana karatasi na kuisukuma mezani pamoja na kalamu yake nzuri. “Jaza jina lako hapo, weka sahihi.”

Mpishi aliisoma. Mimi, kisha mstari mtupu, ninajitoa kwenye ufadhili kwa hiari yangu kutokana na majukumu ya kifamilia.

Aliisoma tena. Maneno yalikuwa yale yale. Mwalimu mkuu wa zamani na mkandarasi hawakuwahi kuonana, mmoja alishakufa, na bado wote wawili walikuwa na maneno yale yale, kana kwamba watu wa namna hiyo huzaliwa nayo mfukoni. Kwa sekunde moja alikuwa tena na miaka kumi na sita, na ladha ya soda ya moto mdomoni. Kisha ikapita. Alikuwa na miaka arobaini na moja, jiko hili lilikuwa lake, na karatasi hii alikuwa ameielewa yote.

Aliiweka kwenye sinia, akaweka na kalamu juu yake, akatoka kwenda mezani. Mkandarasi alimfuata nyuma akisema, “Dada. Dada, ngoja.”

“Bosi ameniandikia karatasi,” mpishi aliwaambia wageni, na akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika kwenye mstari mtupu akasema, “Hapa hamna kitu,” akaendelea mpaka mwisho. “Karatasi kama hii niliwahi kupewa nikiwa mtoto, nikaisaini. Leo siisaini. Kama ufadhili mnautoa kwa mwingine, utoeni, lakini muandike nyinyi kwamba mmeninyima. Mimi sitawaandikia kwamba nimekataa.”

Mama mwenye nyumba aliichukua ile karatasi kutoka kwenye sinia. Aliitazama muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

“Mume wangu,” alisema, “mbona hapa hukuandika jina?”

Mkandarasi hakulijua. Dakika kumi tu zilizopita majina matatu yalisomwa kwenye meza hii, na yeye akasema hamjui mtu huyo. Mkewe akagundua kwamba naye halijui, na akainamisha uso. Miaka tisa. Kipusa ndiye aliyeyataja, majina yote matatu, moja baada ya jingine, bila kusita. Alikuwa ameyaona chini ya maswali mia moja na kumi na mawili.

Mkandarasi akaketi. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama kijana aliyewahi kubeba matofali.

“Wewe,” alimwuliza mwanawe, “huumii?”

“Naumia kidogo,” Kipusa alisema. “Lakini mimi chuo nitakwenda tu, Baba. Wewe utanilipia. Tena tangu lini mimi nikataka kupima majumba?”

Mkuu wa Chuo akasogeza barua ya ufadhili mbele ya mkandarasi. Afisa Elimu alikuwa ameshajaza jina. Ilikuwa imebaki sahihi moja, ya mfadhili. Mkandarasi akachukua kalamu yake kutoka kwenye sinia.

“Bado, Bosi,” mpishi alisema.

“Bado nini tena?”

“Nyumba hii ina utaratibu. Mtu anauliza kwanza, anauliza kweli, ndipo anaweka sahihi.”

Kipusa akalifungua daftari jekundu kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki mtupu, akalisukuma mbele ya baba yake. Mkandarasi alilitazama. Aliutazama na msumari juu ya kabati. Unaweza kudhani alikuwa anatafuta swali la heshima, la kumfaa mfadhili mbele ya kamati, na huenda alilitafuta kweli. Lakini lililotoka ndilo lililokuwamo.

“Sasa,” alisema, “nyumbani hapa atapika nani?”

Mkewe alificha uso kwa kiganja. Mkuu wa Chuo akatazama dirishani. Mpishi peke yake hakucheka wala hakukasirika. Aliona kwamba mtu huyu, kwa mara ya kwanza, amemwuliza jambo ambalo hajui.

“Hilo ni swali la kweli,” alisema. “Liandike.”

Mkandarasi akaliandika. Juu yake, kama jina la anayemfundisha, aliandika majina matatu ya mpishi, akiyanakili taratibu kutoka kurasa za nyuma ili asikosee.

“Chuo kinafungua baada ya wiki sita,” mpishi alisema. “Humu ndani kuna watu watatu wazima wenye mikono sita. Kesho saa moja asubuhi mje jikoni wote. Tutaanza na mayai.”

Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Nje, mpiga picha alikuwa anabisha hodi. Mkandarasi aliisaini barua. Ukurasa wa daftari aliuacha bila sahihi, kwa sababu mayai alikuwa bado hajayaelewa.